Mstari Usiotiwa Kitu

Watu wa mtaani kwetu walimwita wifi yangu Daktari wa Samadi, na usidhani ilikuwa heshima. Alikuwa akipita na toroli lake la kinyesi cha ng'ombe, mikono imeingia weusi mpaka viwikoni, na wao wamekaa barazani wameziba pua. "Daktari, leo umemtibu ng'ombe gani?" Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Jioni ni haohao wamepanga foleni kwenye banda langu la chipsi, wanalamba vidole, wananiuliza viazi vinavyokauka vizuri hivi ninavitoa wapi. Nikawa nawajibu bila kupepesa macho: kwenye kinyesi kilekile mlichokizibia pua. Anayetaka kutapika na atapike, ndoo ile pale.

Nina hasira, mtanisamehe. Nimeanza kusimulia habari za wifi yangu mara nyingi, na kila mara ninaishia kugombana na mtu. Leo nitajitahidi nifike mwisho.

Kabla hajashika jembe, wifi alishika ufagio. Alikuwa mfagiaji kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, miaka tisa. Alifagia chumba cha mizani, akafagia maabara ya udongo, akafuta meza ambazo viazi vilikatwa vipande na kupimwa. Wafagiaji wenzake walifagia wakaenda zao. Yeye alikuwa anauliza. Kwa nini kiazi hiki kina shimo katikati? Kwa nini hiki kikikaangwa kinakuwa cheusi na kile kinatoka na rangi nzuri? Wengi walimwona msumbufu, lakini kulikuwa na mtaalamu mmoja wa udongo, mama mnene asiye na maringo, aliyekuwa akimjibu kama anavyomjibu mtaalamu mwenzake. Kwa miaka tisa wifi alisoma hukohuko chini ya meza, na cheti hakuna aliyempa.

Aliolewa na kaka yangu wa pili, fundi magari, mtu mpole ambaye hata akikosewa yeye ndiye anayeomba radhi. Wakapata mabinti wawili. Halafu siku moja jeki ikateleza, lori likamshukia kaka yangu akiwa chini yake, na tukamzika. Mwaka uleule kituo kikapunguza wafanyakazi, na kama ilivyo kawaida ya maofisi, wakaanza na wenye mafagio.

Hapo ndipo anapoingia kaka mkubwa. Baba na mama walikuwa wameshatangulia, kwa hiyo yeye ndiye alikuwa msemaji wa ukoo. Ninamwita kaka kwa sababu ya damu tu. Kwa aliyoyafanya ningemwita jina jingine, na ningelitamka mbele ya watoto.

Alimwita mjane wa ndugu yake, akamwambia kwa sauti ya huruma, "Shemeji, hatuwezi kukuacha hivihivi. Kile kipande cha kule juu ni chako, lima utakavyo." Ngoja nikueleze hicho kipande kilikuwaje. Miaka mitatu kabla ya hapo, kaka mkubwa huyohuyo aliwaruhusu wafyatua matofali wachote udongo wote wa juu, malori kwa malori, mpaka kikabaki kitu cheupe na kigumu ambacho hata magugu yalikuwa yanaota kwa kusitasita. Shamba la bondeni, lile lenye rutuba, alijibakizia yeye. Hiyo ndiyo zawadi aliyompa mjane mwenye watoto wawili, tena akataka ashukuriwe. Wifi akasema asante.

Msimu wa kwanza alipanda viazi kama watu wote wanavyopanda. Akatia mbolea ya dukani kila shimo, akapalilia, akangoja. Alipochimba, akapata gololi. Sitii chumvi: gololi, tena zenye upele. Aliniletea beseni moja, nikavikaanga kwa ajili ya undugu tu. Vilikunywa mafuta yangu yote vikawa vyeusi, na wateja wawili wakavirudisha.

"Wifi," nikamwambia, "hivi ni viazi au ni kokoto?"

Alicheka, kisha akalia, kisha akafuta uso kwa kiganja. "Udongo umekufa," akasema. "Mbolea ya dukani nimeitia, mvua ikaja ikaondoka nayo. Hakuna cha kuishika. Shemeji amenipa maiti niilishe."

"Basi mrudishie maiti yake."

"Ng'o! Simrudishii. Nitaifufua mbele ya macho yake."

Ndipo toroli likaanza. Alizunguka kwa kila mwenye zizi akiomba samadi ya zamani, ile iliyokwisha kukaa. Nyuma ya nyumba yake akajenga rundo: tabaka la mabua makavu yaliyokatwakatwa, juu yake samadi, juu yake mbolea ya dukani ya kupandia, kiganja baada ya kiganja, halafu maji kidogo, halafu anaanza tena. Likifika usawa wa kifua analifunika kwa turubai kuukuu na kuchomeka fimbo katikati. Kila baada ya siku chache anaichomoa fimbo anaishika; ikiwa ya moto, bado. Kila wiki anapindua rundo zima kwa koleo, peke yake, mimi nimekaa juu ya ndoo namletea umbea. Baada ya wiki saba au nane fimbo inatoka imepoa, na mchanganyiko haunuki tena kinyesi, unanuka udongo uliopigwa na mvua. Anauchekecha kwenye wavu, anatia viganja viwili kila shimo, anafunika kwa udongo kidogo, ndipo anaweka mbegu juu.

Nilimuuliza kwa nini anajitesa kuchanganya, wakati wenzake wanatia kimoja na maisha yanaendelea.

"Samadi peke yake chakula chake ni kidogo, na inachelewa kukitoa," akasema. "Ya dukani peke yake ina nguvu lakini haikai, hasa hapa pasipo na udongo. Zikiiva pamoja, samadi inaishikilia ile ya dukani, na kiazi kinakula polepole mpaka kinakomaa. Kiazi kilichokomaa hakina maji mengi. Hicho hakitakunywa mafuta yako."

"Na majivu je? Wenzako wote wanatia majivu."

"Majivu mengi yanaleta upele. Wayamwage hukohuko kwao."

Kitu kimoja tu sikukielewa. Mstari wa pembeni, ule unaopakana na njia ya miguu, hakuutia chochote. Mbegu ileile, kupanda siku ileile, palizi ileile, lakini shimo tupu. Nikadhani mchanganyiko umemwishia. Msimu uliofuata akafanya vilevile, palepale. "Kituoni walikuwa hawafanyi jaribio bila kuacha mstari mtupu," akanieleza. "Bila huo utajuaje kama ni mbolea iliyofanya kazi au ni mvua nzuri? Hata mimi mwenyewe naweza kujidanganya." Kaka mkubwa kila akipita alikuwa anaucheka. "Shemeji, huu umewapandia panya?" Wifi hakumjibu. Alikuwa na tabia hiyo ya kutojibu, na mimi ilikuwa inanikata maini.

Ikapita misimu sita. Ule udongo mweupe ukageuka kahawia, ukaanza kushika maji, minyoo ikarudi. Viazi vikatoka ukubwa wa ngumi, ngozi laini, vinalingana. Nikawa sinunui kwa mtu mwingine. Kwenye mafuta vilikauka vizuri, rangi ile ninayoitaka, na foleni yangu ikafika mpaka kwa fundi viatu. Mstari mtupu ukaendelea kutoa gololi zake, na wifi akaendelea kuupanda.

Kisha akaja mnunuzi wa kiwanda cha krispi na ndoo ya maji ya chumvi. Akachukua viazi vya wakulima kumi na kitu, akavitumbukiza. Vya wengi, vya kaka mkubwa vikiwemo, vikaelea vikizungukazunguka. Vya wifi vikazama vyote. Yule bwana akarudia mara mbili, hakuamini. Kumbe kinachozama ndicho chenye unga mwingi na maji machache, ndicho wanachokitafuta. Akasema kiwanda kitachukua mavuno yake kila msimu, isipokuwa mkataba lazima uandikwe kwa jina la mwenye haki ya shamba.

Wiki haikuisha. Kaka mkubwa akaenda kwenye kamati ya ardhi akafungua shauri: shamba ni la ukoo, shemeji alipewa alilime kwa muda, na sasa ukoo unalihitaji. Ukoo gani, jamani? Ukoo tuliobaki ni mimi na yeye, na mimi sikuwa nimehitaji kitu!

Shauri lilisikilizwa kwenye ofisi ya kamati, chumba kimoja chenye mabenchi mawili na kabati lisilofungika. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye duka la vyuma, mtu mkavu, asiyependa hotuba. Akaeleza utaratibu wao. Aliyepewa shamba bovu akaliendeleza kwa jasho lake, haondolewi. Aliyepewa shamba zuri akalitumia tu, mwenye ukoo akilitaka anarudishiwa. "Kwa hiyo mimi nataka kujua jambo moja," akasema. "Ardhi hii ilikuwa nzuri, au mama huyu ndiye aliyeitengeneza?"

"Ardhi ya baba yetu ilikuwa nzuri tangu zamani," akasema kaka mkubwa, macho makavu kabisa. "Huyu amepanda tu. Kama ni samadi, nani asiyetia samadi?"

Mtaa mzima ulijua habari za malori ya matofali. Lakini nusu ya mtaa wamepanga kwenye vyumba vya kaka mkubwa, kwa hiyo siku ile kila mtu alipata safari. Na mimi? Mimi nilikuwa pale, benchi la nyuma. Banda langu la chipsi lilikuwa limesimama kwenye uwanja wake, mbele ya nyumba yake, tangu nianze biashara. Nikakohoa. Nikaangalia lile kabati.

Wifi hakubishana. "Sitaki mtu anishuhudie kwa maneno," akasema. "Njooni siku ya kuvuna. Nina mstari mmoja ambao haujatiwa kitu misimu yote sita. Mtachimba wenyewe muone ardhi ya baba yao inatoa nini ikiachwa peke yake."

Kwa mara ya kwanza kaka mkubwa hakuucheka ule mstari. Wakapanga tarehe, wiki sita mbele.

Siku nne baadaye, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa napita njia ile na dumu langu la mafuta kama ninavyopita kila siku. Nikamkuta kaka mkubwa ameinama kwenye mstari mtupu, mfuko chini ya kwapa. Alikuwa anamwaga yurea, ile mbolea nyeupe ya kukuzia, kiganja kizima kila shina, na kuifukia kwa mguu. Damu ikanichemka. Nilielewa palepale anachofanya: mstari ukinawiri, atasema ardhi ni nzuri yenyewe.

Akainua kichwa. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, kaka."

"Vizuri, mdogo wangu." Akakung'uta mikono. "Banda lako linaendeleaje?"

"Linaendelea vizuri."

Nikaenda zangu. Siku nzima nilikatakata viazi kama nina kisasi navyo, nikajikata kidole mara mbili. Mvua ikanyesha wiki ile. Baada ya muda ule mstari ulikuwa umejaa majani, ya kijani nzito, mashina manene, umewapita wenzake kwa kimo. Asubuhi moja nikamkuta wifi amechuchumaa pale, ameshika jani, analisugua kati ya vidole.

"Wifi, hebu njoo," akasema. "Huu mstari umeuona ulivyo?"

Angekuwa mtu mwingine na shauri jingine, ningemwaga mtama papo hapo. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Nadhani ni mvua hizi."

Akaniangalia kwa muda. "Ndiyo," akasema. "Mvua." Akainuka akaenda kuendelea na kazi yake.

Siku ya kuvuna ikafika. Mwenyekiti akaja na viatu vya mpira, na katibu wa kamati na jalada lake kwapani. Kaka mkubwa alivaa koti. Koti shambani! Majirani nao walifika, maana kushuhudia wanaogopa lakini kutazama hawakosi.

Lahaula, wifi alikuwa kwenye hali mbaya kwa macho. Mistari yake yote ilikuwa imekauka, majani ya njano yamelala chini, kwa sababu viazi vyake vilikuwa vimekomaa na shina limemaliza kazi. Na pembeni, mstari mtupu umesimama kijani kibichi, unapepea. Kaka mkubwa akapanua mikono.

"Mwenyekiti, mimi sina haja ya kusema mengi. Macho unayo. Palipotiwa madawa yake, viazi vinakufa. Ambapo hakutia kitu, ardhi ya baba yetu inajionyesha yenyewe. Huyu kaiharibu ardhi, sasa anataka apewe zawadi!"

Majirani wakatikisa vichwa wakikubali, vichwa maji wakubwa. Hata mwenyekiti alitazama huku na huku akakunja uso. "Mama," akamwambia wifi, "huo ndio mstari usiotiwa kitu?"

"Ndio huo," akasema wifi. "Chimbeni."

Katibu akavua viatu, akachukua jembe uma, akachimba shina la kwanza la mstari mtupu. Shina lilikuwa nene kama kidole gumba. Akalivuta, akalikung'uta. Mizizi, na viazi vitatu vya ukubwa wa gololi, ngozi laini inayobanduka ukiigusa. Akachimba la pili, akapata viwili. La tatu halikuwa na kitu kabisa, majani matupu. Kisha akahamia kwenye mstari wa njano, akachimba shina moja lililokauka, na viazi vikaanza kutoka. Alihesabu mpaka kumi na kimoja, visafi, ukubwa wa ngumi.

"Mmea ukilishwa ya kukuzia nyingi kwa kuchelewa," akasema wifi taratibu, "unaona utoto umerudi. Unaotesha majani, unasahau kutia viazi chini. Mwenyekiti, mstari huu umetiwa yurea. Mimi sikuitia."

Mimi moyoni nikashangilia. Mjinga yule! Miaka yote hiyo analima viazi na bado anadhani kijani ndiyo mavuno! Alitaka kumfanyia ujanja mwanamke aliyesoma viazi miaka tisa, akajichimbia mwenyewe. Nikadhani yamekwisha, na mimi sitahitaji kufungua mdomo.

Lakini kaka mkubwa si mtu wa kukosa la kusema. Akamgeukia mwenyekiti. "Kama umetiwa, kautia yeye! Daktari wa mbolea ni nani hapa? Kautia makusudi uharibike, ili nyinyi mseme ardhi ni mbovu. Ametuchezea wote!"

"Dakika moja iliyopita ulisema mstari huu unaonyesha uzuri wa ardhi," akasema mwenyekiti.

"Nilikuwa sijajua kama kauchezea!"

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta. "Kwa kweli hapa tuna tatizo," akasema. "Mstari ukishaguswa, si ushahidi tena, kwa upande wowote. Na kama hakuna ushahidi kwamba ardhi ilikuwa mbovu, mimi sina namna, shamba linarudi kwenye ukoo. Kuna mtu yeyote aliyeona nani aliyetia mbolea hapa?"

Majirani wakaanza kuangalia miguu yao. Wifi hakuangalia miguu. Aligeuka akaniangalia mimi, moja kwa moja, hakupepesa. Na kaka mkubwa naye akaniangalia, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeweka kitu chake mahali salama.

Lile tabasamu ndilo lililonivuruga. Sikupiga moyo konde, sitaki mnisifu. Nilipandwa na hasira tu. Nikasikia sauti yangu inatoka, kali kuliko nilivyotaka.

"Nimemwona mimi. Ni yeye. Siku ya nne baada ya kikao, saa kumi na mbili asubuhi, mfuko chini ya kwapa, anafukia kwa mguu. Akaniuliza nimeona nini nikasema sijaona. Na kama mnataka kujua ardhi hii ilikuwaje, ulizeni udongo wake wa juu uko wapi. Uko kwenye kuta za nyumba zenu! Aliwapa wafyatua matofali wakachota mpaka mfupa, halafu akampa mjane wa ndugu yake kilichobaki. Na nyinyi nyote mnajua!"

"Wee!" Kaka mkubwa alinijia, kidole usoni. "Unamuuza ndugu yako wa damu kwa mwanamke aliyeolewa tu?"

"Aliyeolewa na ndugu yako wa damu!"

"Leo hii! Leo hii toa lile banda lako kwenye uwanja wangu!"

"Nitalitoa! Na uwanja wako ukae nao!"

Katibu akaingia katikati. Baada ya mimi kusema, ndimi zikafunguka, unajua watu walivyo. Fundi viatu akakumbuka malori. Mwalimu mmoja akakumbuka hata rangi yake. Mwenyekiti akasikiliza wanne watano, kisha akamwambia katibu aandike: shamba linabaki kwa mjane kwa haki ya aliyeliendeleza, na ukoo usimsumbue tena. Akagonga muhuri hapohapo, karatasi ameiweka juu ya toroli. Kaka mkubwa alikuwa ameshaondoka, koti limejaa mbegu za magugu.

Watu walipotawanyika, nilibaki na wifi. Nikangoja anikumbatie. Nasema kweli, nilingoja. Nilikuwa nimempoteza kaka na banda kwa siku moja, na nilijiona shujaa.

Yeye alikuwa anaokota viazi alivyochimba katibu, anavipanga kwenye beseni.

"Nilijua ni shemeji," akasema bila kuinua kichwa. "Nilijua tangu siku ile nilipolishika lile jani. Na nilijua umemwona, maana unapita hapa kila asubuhi, na sura yako haijui kuficha. Ndiyo maana nilikuita nikakuuliza."

"Wifi..."

"Ukaniambia ni mvua."

"Niliogopa," nikasema. "Banda langu liko kwake. Ungetaka nifanyeje?"

"Uniambie." Sasa aliinua kichwa, na sijawahi kumwona vile, hata siku ya msiba. Mtu huyu asiyejibu kitu alikuwa anapaza sauti. "Uniambie, basi! Nafasi mbele ya nyumba yangu si ipo? Tungelibomoa lile banda sisi wawili, tukalibeba kwenye toroli hili, tukaliinua kwangu siku hiyohiyo. Wiki sita nilikuwa silali, wifi. Nilikuwa nawaza wanangu nitawapeleka wapi. Na wewe jioni unaniletea chipsi, unakaa kitandani kwangu, unacheka. Ulikuwa unangoja uone nitashindwa au nitashinda, ndiyo uamue?"

Nilikasirika. Nikamwambia asante yake nimeiona, nimemwokolea shamba na haya ndiyo malipo, na maneno mengine ambayo sitayarudia hapa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akashika jembe uma akaendelea kuvuna, na mimi nikashuka nikaenda kubomoa banda peke yangu.

Siku hizi nakaanga karibu na stendi, chini ya bati la kukodi. Hasira yangu kwa kaka mkubwa sijaipunguza hata chembe, na nikikutana naye njiani navuka upande wa pili. Hasira yangu kwa wifi iliisha ndani ya siku mbili, kwa sababu kila nilipoirudia niliona hana kosa. Ile iliyobaki haina pa kwenda, ninayo mwenyewe.

Viazi bado ni vyake. Mzigo mkubwa unakwenda kiwandani, lakini kila Jumatatu gunia moja linanifikia, vilevile vya kuchagua. Analileta binti yake mkubwa, analishusha, ananiamkia vizuri.

"Shangazi, mama anakusalimia."

Namjibu, "Mwambie nimepokea." Yule mtoto ana adabu sana. Mama yake hajamtuma salamu yoyote.